Zima Injini, Fungua Daftari

Wachezaji wengi wa sataranji wanaolalamika kwamba hawapandi daraja wanafanana kwa jambo moja: wanatazama michezo mingi kupita kiasi. Likianza shindano kubwa, simu haiwatoki mkononi. Wanauona ule mstari wa kipimo pembeni mwa ubao ukipanda na kushuka, wanajua nani anaongoza hata kabla wachezaji wenyewe hawajajua, na gwiji akiteleza wanamlaumu papo hapo. Jioni wakiketi kucheza na jirani, wanafungwa kwa makosa yaleyale ya mwaka jana. Saa nyingi zimekwenda na mkakati haujaingia hata chembe, kwa sababu muda wote huo aliyekuwa akifikiri ni injini ya kompyuta, si wao.

Ninachokuomba ufanye ni kitu kingine kabisa. Chagua mchezo mmoja tu. Kaa nao wiki nzima ikibidi. Tandaza ubao wa kweli mezani, hata ukiwa ule wa karatasi wenye kete za plastiki, weka daftari na kalamu kando, na usiwashe injini mpaka umeandika kwa maneno yako kile ulichokiona. Mchezo mmoja uliousoma hivyo utakujenga kuliko mia uliyoitazama ukiwa unasubiri chai ichemke.

Na uwe mchezo wa miaka hii. Wapo walimu wanaosisitiza mwanafunzi aanze na wakongwe, Capablanca na Rubinstein na wenzao, na hoja yao ina uzito. Katika michezo ile mpango huonekana waziwazi, kwa kuwa mara nyingi upande wa pili haukuitambua hatari mpaka imekwisha kuingia ndani. Isome hiyo pia. Lakini michezo ya sasa inakuja na vitu viwili ambavyo wakongwe hawakuweza kutuachia.

Cha kwanza ni saa. Mashindano makubwa siku hizi huchezwa kwenye ubao wa kielektroniki, na kila hatua hurekodiwa pamoja na muda uliobakia kwa mchezaji. Ukiufungua mchezo kama huo kwenye tovuti ya Lichess unaweza kukuta gwiji amecheza hatua zake kumi na tano za kwanza kwa dakika chache, kisha hatua ya kumi na sita ikamla nusu saa. Pigia mstari hapo. Zile za haraka alikuja nazo kutoka nyumbani; zilitayarishwa na wasaidizi wake wakiwa na kompyuta zenye nguvu, na wewe ukizikariri hazitakufikisha mbali, maana mpinzani wako wa mtaani atatoka nje ya njia hiyo hatua ya nne. Pale dakika zinapoanza kuliwa ndipo gwiji alipoachana na kumbukumbu akaanza kutafuta njia. Kazi yako inaanzia hapohapo alipoanzia yeye.

Cha pili ni maneno ya wachezaji wenyewe. Baada ya kila mchezo wa kuwania ubingwa wa dunia, wote wawili hukaa mbele ya waandishi wa habari na kueleza walichokiogopa, walichokiona na walichokiacha. Mara nyingi jambo lililomtawala mtu kichwani kwa saa nzima halikutokea ubaoni hata kidogo: tishio lililozuiwa mapema, shambulio ambalo halikuzaliwa. Bila kumsikia mwenyewe akilisema, usingejua kwamba lilikuwepo. Mazungumzo hayo yamejaa YouTube. Yaweke mwisho, baada ya daftari lako kujaa.

Gharama isikutishe. Rekodi ya mchezo ni maandishi matupu, nyepesi kuliko picha moja ya simu, kwa hiyo bando halitakatika. Lichess ni ya bure tangu ilipoanzishwa mwaka 2010 na haina matangazo. Kwa anayetaka akiba kubwa zaidi, The Week in Chess, jarida la mtandaoni ambalo Mark Crowther wa Uingereza alilianzisha mwaka 1994, limekuwa likikusanya michezo ya mashindano ya dunia wiki baada ya wiki. Pakua, nakili hatua kwenye karatasi, zima simu.

Katika kuchagua, usivutwe na jina peke yake. Magwiji wawili wa ngazi moja wakikutana, kila mmoja anaukata mpango wa mwenzake kabla haujachomoza, na mwanafunzi anabaki na sare ya hatua thelathini isiyomwambia lolote. Tafuta kwanza michezo ambayo upande mmoja una nguvu kuliko mwingine. Olimpiadi ya Sataranji ni hazina kwa jambo hili, na nashangaa kwa nini walimu wetu hawaitumii zaidi. Katika raundi ya kwanza timu kubwa hupangiwa timu ndogo, na huko ndiko utakakomkuta mchezaji wa Kenya au Uganda, pengine mtu wa kiwango unachokijua kwa macho yako, ameketi mbele ya grandmasta. Hapo utaona mpango ukitekelezwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na utaona ni hatua gani ya kawaida, ile ambayo hata wewe ungeicheza bila wasiwasi, iliyompa gwiji nafasi yake. Michezo ya Olimpiadi ya Budapest ya Septemba 2024, ile ambayo India ilichukua dhahabu ya timu ya wazi na ya wanawake, yote iko wazi kwa yeyote.

Ukishaizoea kazi, ndipo upande kwenye mechi za ubingwa.

Sasa namna ya kusoma. Chagua upande mmoja, kwa kawaida wa mshindi, na uwe upande wako. Funika hatua kwa kipande cha karatasi. Pitia ufunguzi bila kujitesa, ukijiuliza tu kila kete imekwenda wapi na kwa sababu gani. Ukifika mahali ambapo saa ilianza kukimbia, simama kabla ya kila hatua ya upande wako, andika hatua ambayo ungeicheza, na chini yake sentensi moja ya sababu. Kisha shusha karatasi uone gwiji alicheza nini.

Sentensi ile ndiyo kazi yenyewe. Kubahatisha hatua ya grandmasta si ajabu. Mara nyingine ni hatua moja tu inayowezekana. Ukiipata hatua lakini sababu yako ikawa nyingine, hesabu kwamba hukuipata. Na sababu isiwe “inashambulia” au “inaendeleza kete”. Iandike kama ungekuwa unamweleza mtoto wa darasa la tano: farasi huyu hana kazi pale alipo, namtaka aende d5 kwa kuwa hakuna kitunda kitakachoweza kumfukuza huko. Ukiona huwezi kuandika sentensi ya namna hiyo, umegundua kitu muhimu, kwamba hujui unataka nini. Rudi ubaoni uangalie kete ipi ya kwako imelala, vitunda vipi haviwezi tena kusogea, na mpinzani angecheza nini kama ungemwachia zamu yako bure. Swali hili la mwisho ndilo wanaoanza hulisahau kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha madaraja.

Nitakuonyesha kwa mchezo mmoja mrefu, kwa sababu ndani yake mkakati unaonekana ukikua kama mtu anavyoonekana akikua.

Ni mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa dunia, Dubai, tarehe 3 Desemba 2021, kwenye viwanja vya maonyesho ya Expo 2020. Bingwa Magnus Carlsen wa Norway alikuwa na nyeupe, Ian Nepomniachtchi wa Urusi nyeusi. Michezo mitano ya mwanzo ilikwisha sare, na ukirudi nyuma hadi mechi za 2018 na 2016 unakuta sare 19 mfululizo katika michezo ya muda mrefu ya ubingwa. Walianza saa kumi na nusu jioni kwa saa za Dubai, yaani saa tisa na nusu alasiri kwetu Afrika Mashariki, na wakainuka huko imeshapita saa sita usiku. Hatua 136, saa 7 na dakika 45. Ndio mchezo mrefu kuliko yote katika historia ya ubingwa wa dunia. Urefu huo usikuogopeshe. Una vituo, na kila kituo ni somo la jioni moja.

Ufunguzi upite upesi. Carlsen alisogeza kitunda cha d, akamweka askofu g2, akamhifadhi mfalme upande wa kulia, na vitunda vya katikati vikaanza kubadilishana. Kituo cha kwanza ni hatua ya 17. Askofu wa nyeupe anamchukua farasi aliyekuwa f6, na Nepomniachtchi analipiza kwa kitunda cha g. Tazama umbo lililobaki: vitunda viwili vyeusi vimefuatana kwenye safu ya f, kimoja f6 na kingine f7, na mfalme mweusi hana tena kitunda cha g mbele yake. Andika hilo kwa herufi kubwa, uandike pia kile ambacho nyeusi anakipata badala yake, kwa maana hakuna anayeharibu vitunda vyake bure. Kete zake zimechangamka. Ndani ya hatua chache askofu wake anakaa d4 katikati kabisa, na malkia anafika e4. Kwa wakati huo hakuna anayeweza kuvigusa vile vitunda viwili. Udhaifu upo, lakini hauna bei bado. Usiufute kwenye daftari.

Kituo cha pili ni hatua ya 26, na hapa karatasi iwe imefunika vizuri. Nyeusi ameleta ngome c8, inamkabili malkia mweupe aliyeko c2. Nyeupe ana njia ya kawaida: amrudishe malkia d1, ngome zibadilishane, mchezo utulie. Carlsen hakuifuata. Malkia wake aliichukua ngome ya c8, akachukuliwa na ngome ya pili, na ngome nyeupe ikafika c8 kulipiza. Hesabu: nyeupe amempoteza malkia, amepata ngome mbili. Pande zote mbili zina vitunda sita.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Katika wanafunzi wengi utasikia jibu la hesabu, kwamba ngome mbili zina thamani sawa au kubwa kidogo kuliko malkia. Ni kweli lakini haitoshi. Malkia ni hodari wa kuwinda vitu vilivyoachwa peke yao na wafalme walio uchi. Mfalme wa nyeupe hapa yuko salama nyuma ya vitunda visivyosogezwa ovyo, na ngome zikipata muda wa kushikana mikono malkia hapati pa kuingilia. Mfalme mweusi, kwa upande wake, ana ile nyumba iliyobomoka hatua ya 17. Carlsen alibadilisha hali ya mchezo kutoka kwenye utulivu ambao ungeelekea sare, akaenda mahali ambapo kila upande una kitu tofauti na ambapo usalama wa mfalme ungeamua. Na alifanya hivyo baada ya sare tano. Hali ya mechi nayo ni sehemu ya mkakati; iandike.

Angalia Nepomniachtchi anavyojibu, kwa sababu amejibu vizuri. Malkia wake anaenda d5 na kukitishia kitunda cha b3. Carlsen anakisukuma b4. Badala ya kukichukua, Nepomniachtchi anasukuma cha kwake a4. Kwa hatua hiyo moja kitunda cheupe cha a3 kimefungwa mahali pake, nacho kinakaa kwenye mraba wa rangi ileile anayotembea askofu mweusi. Baada ya hatua tatu tu askofu huyo yuko b2 akikidai. Hapa ndipo penye funzo la vitunda ambalo ningependa kila mwanafunzi alikariri kama sala: kabla ya kukila kitunda, fikiria kama kukifunga hakutakupa zaidi. Nepomniachtchi alikila a3 hatua ya 33, na tangu hapo kitunda chake cha a kikawa na njia wazi mbele yake.

Kati ya hatua ya 30 na 40 mchezo unachafuka. Kila mmoja alikuwa amepewa dakika 120 kwa hatua 40 za mwanzo, bila sekunde za nyongeza. Nyongeza zilianzia hatua ya 61. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wakicheza huku saa inawanyonga. Katika hatua ya 33 Carlsen aliipeleka ngome d1, wakati kuirudisha ile ya c5 hadi c2 kungekuwa na nguvu zaidi. Usikae sana hapa. Wachambuzi wa kompyuta wanapenda eneo hili kwa sababu limejaa alama za makosa, ila kwa mtu anayetaka mkakati funzo lake ni fupi: magwiji wa dunia wakikosa dakika nao huyumba, basi na wewe linda dakika zako.

Hatua ya 40 imepita, vumbi limetulia. Nyeupe ana ngome mbili, farasi na vitunda vinne, vyote upande wa mfalme. Nyeusi ana malkia, askofu na vitunda vinne, kimojawapo kile cha a, kilicho peke yake na hatari. Andika swali moja tu kwenye daftari: ni nini kinachomtisha nyeupe? Kitunda cha a. Sasa fuatilia hatua kumi na tatu zinazofuata ukiwa na swali hilo, na kila kitu kitaeleweka. Ngome zote mbili zinasimama kwenye safu ya a. Farasi anazunguka akitafuta mahali pa kusimama. Na hatua ya 53, Carlsen anakitoa kitunda hicho kwa nguvu: ngome inakila a3, ingawa askofu mweusi anakilinda. Kama askofu angeichukua ngome, ngome ya pili ingelipiza, na nyeupe angebaki na ngome, farasi na vitunda vinne vinavyoshikana, bila hatari yoyote. Nepomniachtchi aliona hivyo, akachukua kitunda cha h4 badala yake. Lakini hofu ya nyeupe ilikuwa imekufa. Kuanzia hapo ni upande mmoja tu unaoweza kujaribu kushinda, na mwingine anangoja.

Kungoja huko ni kazi ngumu kuliko kushambulia. Kuanzia hatua ya 53 hadi ya 79 Carlsen anazungusha ngome zake, anapanga vitunda vyake e3, f4 na g3 vilindane, anaenda huku anarudi kule. Msomaji asiye na subira ataruka kurasa hizi. Nakusihi usiziruke. Kila mara jiulize nyeusi anazuia nini, na utaona kwamba malkia na askofu wana vitu vitatu vya kulinda kwa wakati mmoja: mfalme wao, na vile vitunda viwili vya safu ya f. Hatua ya 64 kimoja kimesogea f5.

Kisha hatua ya 79 ngome inakila kitunda cha f5. Hatua ya 80 ngome hiyohiyo inakila cha f7, ikijitoa mhanga, mfalme mweusi anaichukua, na ngome ya pili inaingia b7 ikimtishia mfalme na hatua inayofuata inamla askofu a7. Rudi kwenye ukurasa wa hatua ya 17. Vitunda viwili ulivyoviandika kwa herufi kubwa vimeanguka, vyote viwili, zaidi ya hatua sitini baadaye. Ukiliona hilo kwa jicho lako, likiwa ndani ya mwandiko wako mwenyewe, hutahitaji tena mtu akufafanulie maana ya udhaifu wa kudumu.

Kilichobaki ni ngome, farasi na vitunda vitatu dhidi ya malkia na kitunda kimoja. Kete nyeupe zinalindana, vishindo vya malkia vinaisha kimoja kimoja, na vitunda vya e na f vinapanda taratibu. Sare ilikuwa bado ipo. Hifadhi za kompyuta zinazojua jibu kamili la kila hali yenye kete saba au pungufu zilionyesha kuwa Nepomniachtchi alikuwa akishikilia mpaka hatua ya 130, malkia alipokwenda e6. Binadamu aliyekaa kitini zaidi ya saa saba asingeweza kuijua tofauti kati ya mraba ule na mwingine. Ndiyo maana ile hatua ya 80 ilikuwa ya kimkakati hasa: ilimwekea mpinzani mtihani usio na mwisho, huku yeye mwenyewe hawezi kupoteza. Nepomniachtchi aliinua mikono hatua ya 136, na baadaye mechi nzima ikaisha kwa Carlsen kushinda 7½ kwa 3½.

Sasa, na sasa tu, washa injini. Usiiendeshe mchezo mzima. Ipeleke kwenye vituo ulivyoviandika, na pale inapokataa hatua uliyoipendekeza, usikubali namba yake kama hukumu. Cheza hatua yako dhidi yake uone inakuadhibu vipi. Inawezekana adhabu ni hila ya hatua tano ambayo hakuna mtu wa daraja lako angeiona. Basi wazo lako lilikuwa zuri na ulilaze moyoni. Inawezekana pia adhabu ni ya wazi, kwamba uliacha kete bila mlinzi, na hilo liandike kwa wino mwekundu. Injini inajua jibu bila kujua ni kitu gani kilikuwa kigumu kwako. Kulijua hilo ni kazi ya daftari.

Mtafute mwenzako wa kubishana naye. Mmoja achukue nyeupe, mwingine nyeusi, kila mtu atetee upande wake kwa maneno na kwa kete mpaka mmoja akwame. Mkishindana kwa saa moja juu ya hatua ya 26 ya Dubai, mtajifunza juu ya ngome na malkia kuliko katika sura nzima ya kitabu.

Baada ya michezo michache utaanza kuona maumbo yanajirudia. Hapo badilisha utaratibu kidogo: badala ya kuchagua kwa shindano, chagua kwa umbo la vitunda. Ukivutiwa na vitunda viwili vilivyofuatana kwenye safu moja, tafuta michezo mingine minne au mitano yenye umbo hilo, uone ni lini liliuma na ni lini halikuuma. Au kitunda cha d kilichobaki peke yake katikati, ambacho ni nguvu kukiwa na kete nyingi ubaoni na mzigo zikipungua. Ufunguzi unaoucheza wewe mwenyewe uamue umbo la kuanzia, maana utalikuta tena Jumamosi ijayo.

Usiuache mwisho wa mchezo, sehemu ambayo wengi wetu tunaikimbia. Singapore, tarehe 12 Desemba 2024, mchezo wa kumi na nne na wa mwisho wa kuwania ubingwa wa dunia, Ding Liren na Gukesh Dommaraju wakiwa sawa kwa pointi. Kila mmoja alibakiwa na ngome, askofu wa rangi moja na mwenzake, na vitunda vichache. Gukesh alikuwa na kitunda kimoja zaidi, ila kwa hali ile Ding angeweza kushikilia sare. Hatua ya 55 Ding aliipeleka ngome f2 kuomba zibadilishane. Zikabadilishana. Kisha Gukesh akampeleka askofu wake d5, na askofu wa Ding, aliyekuwa kwenye kona ya a8, hakuwa na pa kukimbilia. Maaskofu nao wakatoka, wakabaki wafalme na vitunda, na vitunda viwili dhidi ya kimoja vikashinda. Gukesh akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Iweke hali ile ubaoni mwako uondoe kete mbili mbili kwa mkono, ukijiuliza kila mara: nikibadilisha hizi, ninabaki na mchezo gani? Wachezaji wa madaraja ya kati hubadilisha kete kwa sababu wamechoka na mvutano, na hakuna tabia inayowagharimu pointi nyingi kuliko hiyo.

Na uitumie njia hii kwa michezo yako mwenyewe. Cheza mchezo wa polepole, walau nusu saa kwa kila mtu, andika hatua zote, na usiku uleule kabla ya kulala andika pale ulipokaa ukifikiri na ulichokiogopa. Kesho yake usome kama ulivyousoma wa Carlsen.

Kwa wiki yako ya pili nakupendekezea mchezo wa tisa wa mechi ileile ya Dubai, huu ukiwa mfupi. Nepomniachtchi ana nyeupe, na askofu wake yuko ndani kabisa ya eneo la nyeusi, kwenye b7. Funika kwa karatasi kabla ya hatua ya 27. Alikisukuma kitunda chake c5, na Carlsen akajibu kwa kitunda kimoja tu, c6. Kaa na ubao mpaka uione njia ya askofu yule kurudi nyumbani ilifungwa na nani, kisha urudi nyuma hatua baada ya hatua, kwa kalamu, utafute ni lini nyeupe alipaswa kumtoa pale.